Mwezi wa Kwenda Udzungwa

Simu ya kwanza niliyopokea kazini ilitoka kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyetaka kujua mwezi gani ni mzuri kwenda milima ya Udzungwa. Kiti changu kilikuwa hakijapata hata joto. Nilikuwa binti wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, mwandiko wangu mzuri, Kiingereza changu cha kuombea maji, na safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri ilikuwa ya kwenda Chalinze kwenye maziko ya shangazi yangu. Mlima nilikuwa nimeuona kwenye kalenda tu. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamgeukia dereva wetu, Bwana Athumani, aliyekuwa ameketi mlangoni akila mihogo ya kukaanga.

"Anauliza mwezi gani mzuri wa kwenda Udzungwa," nikamnong'oneza.

Athumani akamaliza kutafuna kwanza. "Muulize ana viatu gani."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi mgeni. Lakini alikuwa ananitazama kwa makini, basi nikauliza. Yule bwana akacheka, akasema ana viatu vya ofisini, mkewe ana mimba, na wanachotaka hasa ni kukimbia joto la mjini.

"Mwambie waje Agosti," Athumani akasema, "na wasipande. Wakae chini, wale ndizi, waangalie mbega mitini."

Walikuja Agosti, hawakupanda, na mwaka uliofuata wakatuletea salamu na picha ya mtoto. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kupanga safari, ili wapya wapate pa kuanzia. Mliniaga vizuri, kwa birika la umeme na doti ya khanga, na hotuba ya bosi iliyokuwa ndefu kuliko barabara ya Kidatu enzi za masika. Nashukuru kwa vyote, hata kwa hotuba. Vyeo na mishahara sitavieleza. Vile vilikuwa vichache, na hii ilikuwa midogo. Nitaeleza kuhusu lile swali la mwezi, maana ndilo nililoulizwa kila siku ya kazi, na wateja hufikiri lina jibu moja.

Ofisi yetu mnaijua. Tunachukua wageni wa hoteli za pwani na wenyeji wa huku na Dar, tunawapeleka milimani. Wa Kilimanjaro tunawakabidhi kwa wenzetu wa Moshi. Wa Udzungwa tunakwenda nao wenyewe: Msata, tunateremka Chalinze, tunapita Ubena na Morogoro, tunakata mbuga ya Mikumi, halafu kushoto kuelekea Kidatu na mashamba ya miwa mpaka Mang'ula. Siku hizi lami imekwenda mbali. Nilipoanza, kipande cha baada ya Kidatu kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa mvua, na Athumani hakuondoka Bagamoyo bila jembe, mnyororo na mbao mbili nene nyuma ya gari. Wazungu walimuuliza mbao ni za nini. Aliwajibu kwamba ni za kulalia. Wengine waliamini.

Athumani alikuwa mtu wa Msata, baba yake mkulima, na alijifunza gari kwa kusukuma la mtu mwingine lililokuwa haliwaki. Hakuwa msemaji. Lakini baada ya miezi yangu michache ya kukaa kwenye simu, alimfuata bosi akamwambia kwamba mtu anayewapeleka watu mlimani lazima aupande mwenyewe, mara moja kukiwa kukavu na mara moja kukiwa na mvua. Bosi akauliza kwa nini mara mbili. Athumani akamjibu, "Kwa sababu ni milima miwili."

Alisema kweli. Nilipanda mara ya kwanza wakati wa kipupwe, asubuhi ya baridi iliyonifanya nivae khanga juu ya sweta. Njia ilikuwa kavu, majani yakilia chini ya miguu. Kutoka juu niliona bonde lote la miwa hadi macho yakachoka. Maporomoko ya Sanje, wanayoyafuata wageni, yalikuwa membamba, yameteremka juu ya mwamba kama uzi mweupe. Nilifurahi, ila moyoni nikajiuliza ndiyo haya watu wanayoyalipia. Mara ya pili ilikuwa katikati ya masika. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba mwisho nikawa nateremka kwa makalio kwa hiari yangu. Bonde sikuliona, kulikuwa na ukungu tu. Lakini maji yale! Tuliyasikia kabla hatujakaribia, na tulipofika yalikuwa yanatua kwa kishindo kilichotikisa kifua, na manyunyu yake yakatulowesha kuliko mvua yenyewe.

Aliyetuongoza mara zote mbili ni Paskali, mwenyeji wa Mang'ula, wakati huo kijana mwembamba mwenye miguu kama ya swala. Alizaliwa chini ya mlima ule na hakuona ajabu kuwa nao. "Sasa umeuona," aliniambia tulipoagana. "Mtu akikupigia simu, usimwambie uzuri wa mlima. Mwambie atapata nini na atakosa nini." Nimelitumia neno hilo mpaka siku ya mwisho. Ukija Julai au Agosti utapata njia kavu na utaona mbali, utakosa maji mengi. Ukija Aprili utapata maji, utakosa mengine yote, pengine na kiatu kimoja. Wengi hukata shauri wenyewe wakishaelezwa hivyo.

Wapo ambao hawachagui mwezi, mwezi unawachagua. Hapa kwetu watu husafiri wakipata nafasi, na nafasi kubwa ni Idi. Sasa Idi inahama kila mwaka, inarudi nyuma, na mvua haihami kuifuata. Kuna miaka Idi iliangukia kiangazi, tukawa na raha. Kuna miaka iliangukia masika. Mwaka mmoja wa namna hiyo kikundi cha akina mama wa Dunda, wakaanga samaki, waliweka akiba mwaka mzima ili wakamalizie sikukuu mlimani. Niliwaeleza hali ya mvua. Niliwasihi wasubiri Juni. Kiongozi wao akaniambia, "Mwanangu, Juni mimi sina sikukuu, nina samaki." Wakaenda na mabaibui yao na ndala. Gari lilizama baada ya Kidatu, zile mbao zikafanya kazi, akina mama wakashuka wakasukuma huku wakiimba nyimbo za harusi. Paskali hakuwaruhusu kupanda hata kidogo. Aliwatembeza kwenye kijia kifupi karibu na lango, wakapigwa na ukungu, mlima hawakuuona. Nilikaa ofisini nikisubiri lawama. Walirudi wamejaa tope mpaka kwenye nyusi, wakaniletea mkungu wa ndizi. "Tumelishika wingu kwa mkono," yule kiongozi akaniambia, na mpaka leo tukikutana sokoni huinua kiganja chake akanionyesha. Tangu siku hiyo nikaacha kujifanya najua kitakachomfurahisha mtu.

Safari ninayotaka kuieleza hasa ni ya Mwalimu Zainabu.

Mwalimu Zainabu alinifundisha jiografia shule ya msingi. Alifundisha nusu ya Bagamoyo. Alikuwa na chaki za rangi alizonunua mwenyewe, na milima aliichora ubaoni kwa kijani na kahawia, akaweka mto wa buluu ukianguka pembeni, akatuambia haya ni maporomoko. Alistaafu akakaa nyumbani kwake na mwanawe mmoja, Idrisa, mwenye duka la misumari na rangi pale Dunda. Mumewe alishatangulia mbele ya haki.

Alikuja ofisini mwanzoni mwa Aprili, mvua ikinyesha, akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Niliinuka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Salma."

Nilishangaa, maana nilikuwa mbele yake kabisa. Ndipo nilipoona kwamba anageuza kichwa polepole kunitafuta, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akanieleza bila kuzunguka. Alikuwa na presha ya macho. Ilianza kumla pembeni kidogo kidogo bila yeye kujua, na alipofika hospitali kubwa daktari alimwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu kilichobaki.

"Kimebaki kiasi hiki," akasema, akakunja vidole vyake kufanya kitundu mbele ya jicho. "Nataka nikipeleke kwenye mlima. Nimeufundisha maisha yangu yote, Salma, sijawahi kuuona hata mmoja. Mtoto aliniuliza darasani, Mwalimu wewe umewahi kufika? Nikamwambia bado. Hiyo bado imekuwa ndefu sana. Niambie twende mwezi gani."

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema Julai. Ndilo jibu langu kwa wazee wote: njia kavu, mwanga mzuri, hakuna kuteleza. Lakini Julai maji yanaanza kupungua, na mimi nilikuwa nimeuona ule uzi mweupe juu ya mwamba. Mtu mwenye macho mazima huuona. Mwenye kitundu angeutafuta mpaka akachoka. Na tena, nani angenihakikishia kwamba kitundu chenyewe kingefika Julai? Daktari hakumpa tarehe.

"Nipe siku kidogo, Mwalimu," nikasema.

Idrisa alikuja jioni ile ile, hajafunga hata duka vizuri. Hakukaa.

"Dada Salma, nakuheshimu. Lakini mama yangu akivunjika nyonga huko porini, wewe ndiye utakayemwuguza?"

"Hapana."

"Basi mwambie haiwezekani. Mimi nikimwambia anasema namfanya mtoto. Wewe atakusikia, wewe ni mwanafunzi wake."

Nilimwelewa. Alikuwa ameshaanza kumwekea mama yake kamba kutoka chumbani mpaka msalani, na hakuna mtu aliyemfundisha afanye hivyo. Nikamwambia kwamba kumkatalia ni rahisi na naweza kufanya hivyo dakika hiyo, ila kwanza nataka kumuuliza mtu mmoja. Akaondoka bila kuaga.

Mtu mwenyewe alikuwa Paskali. Alikuwa si kijana tena. Alikuwa na wajukuu na miguu ile ile. Nilimpigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi hapana kabisa," akasema. "Mto unanguruma mpaka huku nyumbani. Hata mimi sipandi. Julai atapata njia, maji atakosa. Lakini zipo siku, Salma. Mvua ikishakata, njia inaanza kushika kabla maji hayajachoka. Ni siku chache. Miaka mingine Mei mwishoni, miaka mingine Juni. Miaka mingine mvua inakata halafu inarudi, unakuwa umedanganywa."

"Nitazijuaje nikiwa Bagamoyo?"

"Hutazijua. Mimi nitakupigia, nanyi mtaondoka siku hiyo hiyo. Mwambie mama afunge mzigo asubiri."

Katika kazi yangu yote sikuwa nimewahi kumuuzia mtu safari isiyo na tarehe. Bosi aliposikia aliniuliza kama nimelewa, mimi nisiyejua hata ladha ya pombe. Athumani ndiye aliyenitetea. Alisema gari atalitunza tayari, na ikibidi atawaacha wageni wa hoteli kwa dereva mwingine, kwa sababu mwanawe mkubwa alifundishwa kusoma na Mwalimu Zainabu.

Mwalimu akafunga mzigo. Mei ikapita karibu yote na mvua haikukata. Nilikuwa nakwenda kumwona kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniuliza, "Paskali anasemaje?" kama anayemfahamu tangu utoto. Ijumaa moja nilimkuta anammiminia mgeni chai pembeni ya kikombe. Nikachukua kitambaa nikafuta. Usingizi ulinipungua siku hizo. Nilijiona nimemfungia mama wa watu kwenye chumba cha kusubiria, na kumbe treni yenyewe huenda isije.

Juni ilipoingia, Paskali akapiga. "Imekata," akasema. "Njooni."

Tuliondoka asubuhi hiyo hiyo: Athumani kwenye usukani, Mwalimu mbele kando yake, mimi na Idrisa nyuma. Idrisa alikuwa amenuna, lakini alikuja, na alikuwa amebeba mto wa kukalia, dawa za macho kwenye kipoza chakula chenye barafu, na mabuti ya mpira ya mama yake aliyoyanunua yeye mwenyewe bila kuniambia. Mwalimu alisimulia njia nzima. Tulipofika Ubena akatueleza udongo wake. Tulipopita Morogoro mlima wa pale ulikuwa umejifunika mawingu, akasema kwa hasira kidogo, "Huyu naye ameniona nakuja akavuta shuka."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipotoka kwenye miwa na Udzungwa ikasimama mbele yetu. Mwalimu akamgusa Athumani mkono. "Simama."

Athumani akasimama. Mwalimu akashuka, akashika mlango, akaanza kugeuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka chini kwenda juu. Alichukua muda. Miwa ilikuwa inapiga kelele kwa upepo.

"Nimewadanganya watoto," akasema.

"Kivipi, Mwalimu?"

"Nilikuwa nauchora kama sambusa. Kumbe ni ukuta. Tazama, hauna ncha, ni ukuta mzima!" Akacheka mpaka akakohoa. Hata Idrisa akatabasamu.

Asubuhi yake tuliamka mvua inanyesha. Si manyunyu, mvua. Paskali alikuja kwenye nyumba tuliyolala akiwa amejifunika nailoni, akasema leo hapandi mtu. Mwalimu akamwomba. Akamkatalia kwa adabu zote, akimwita mama, lakini akamkatalia.

Idrisa alinigeukia. "Nilisema. Nilisema tangu mwanzo. Sasa amekwishauona mlima, inatosha, turudi nyumbani kabla hajapata homa."

"Bado kuna kesho," nikasema.

"Na kesho ikinyesha? Na keshokutwa? Dada, unacheza na mama yangu."

Mvua ingeweza kuwa imerudi kweli, na Paskali mwenyewe hakuniahidi kitu. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, uso ukielekea dirishani, kitundu chake kikitafuta kitu cha kuona kwenye ile mvua. Akasema bila kugeuka, "Idrisa, baba yako alikuwa akiningoja nje ya shule mpaka nimalize kusahihisha madaftari ya darasa zima. Hakuwahi kuuliza saa ngapi. Kaa chini."

Idrisa akakaa. Athumani akatoa karata. Tukacheza siku nzima, na Mwalimu alituambia tumtajie kila karata inayoshuka, akatushinda wote.

Kesho yake kulikucha kweupe. Paskali alikwenda mwenyewe kuangalia njia, akarudi na tope mpaka magotini, akasema, "Polepole, na nikisema turudi, tunarudi." Tukaanza. Yeye mbele akigonga kwa fimbo na kutaja: mzizi, jiwe, kushoto, inua mguu, hapo pana utelezi. Mwalimu nyuma yake. Idrisa nyuma ya Mwalimu, mikono yote miwili wazi kama anayesubiri kudaka mpira. Athumani, ambaye magoti yake yalikuwa yameharibiwa na klachi, alibaki chini na gari, lakini alitusindikiza mpaka mti wa kwanza.

Katikati ya njia Mwalimu aliteleza. Mguu ulikwenda pembeni, mwili ukafuata, na upande ule palikuwa na mteremko. Idrisa alimdaka kifuani akaanguka naye kwa nyuma, yeye chini, mama juu.

"Tunarudi," Idrisa akasema. "Paskali, tunarudi."

Mwalimu alikuwa anapapasa magoti yake, anahakikisha yapo. "Idrisa. Umenishika au hukunishika?"

"Nimekushika, mama."

"Basi twende."

Paskali akanitazama mimi, mimi nikamtazama Idrisa. Uamuzi ulikuwa wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Idrisa alikaa kwenye tope akipumua. Kisha akainuka, akavua mkanda wa suruali yake, akafunga nao mkono wa mama yake pamoja na wake mwenyewe, akasema, "Twende taratibu."

Tulipofika kwenye maporomoko, maji yalikuwa yamejaa na njia ilikuwa imeshika chini ya miguu yetu, kama Paskali alivyosema. Mwalimu akasimama kwenye mwamba mpana aliouchagua Paskali. Akaanza kutafuta. Nilitaka kumwonyesha, nikajizuia. Kichwa chake kilikwenda huku, kikaenda kule, kikasimama.

"Kuna kitu cheupe," akasema. "Kinatembea."

"Ndicho, Mwalimu."

"Kinaanzia wapi?"

Alinyanyua kidole, akakipandisha taratibu akifuata ule weupe, juu, na juu tena, mpaka shingo ikakunjika nyuma na mtandio ukamwanguka. Halafu akakiteremsha pamoja na maji mpaka kwenye dimbwi. Akarudia. Alikuwa anayasoma kipande kwa kipande, kama mstari wa kitabu. Kisha akaanza kufundisha. Kwa sauti ile ile ya darasani alitueleza kwa nini mwamba mgumu hubaki na mlaini ukaliwa, maji hukata vipi, bonde hutokea wapi, na yale maji yanakokwenda mpaka yafike baharini. Paskali, aliyezaliwa pale, alisikiliza mikono ikiwa nyuma, akauliza swali, akajibiwa. Idrisa alikuwa amegeukia msituni. Nilipomuuliza kama ni mzima alisema ni manyunyu ya maji yamemwingia machoni. Manyunyu yalikuwa yanakwenda upande mwingine, lakini sikumwambia.

Macho ya Mwalimu yalikwenda yote kabla mwaka haujaisha. Lilibaki giza na mwanga tu, kujua dirisha liko wapi. Nilimtembelea nikiwa na maneno ya kumfariji niliyoyaandaa njiani, na hakunipa nafasi ya kuyatoa. Aliniuliza, "Salma, sasa kwa mtu asiyeona, mwezi mzuri ni upi?"

Miaka yote ile nilikuwa nawaambia watu wataona nini na hawataona nini. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaambia. Nikatoka nje kwenye baraza nikampigia Paskali.

Yeye hakufikiri hata kidogo. "Novemba," akasema. "Mvua za kwanza. Udongo unanukia, vyura wanaamka, ndege wanaitana. Wageni hawapendi kwa sababu mawingu yanafunika mlima. Yeye mawingu yatamfanya nini?"

Tulikwenda Novemba ya mwaka uliofuata, ndiyo iliyokuwa safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, na ya mwisho ya Athumani pia. Idrisa ndiye aliyekuja ofisini kuipanga. Alikuja na soda mbili baridi, akakaa.

Hatukwenda juu. Tulichukua kile kijia kifupi karibu na lango, tambarare, Mwalimu akiwa ameshika bega la mwanawe. Hata Athumani alikuja na magoti yake. Mwalimu alisimama kila baada ya hatua chache. Alishika magome, akanusa vidole vyake. Mara kitu kikubwa kikapita juu yetu kwa mvumo, hewa ikipigwa kama mtu anakung'uta mkeka, nami nikainama kwa woga.

"Hondohondo," Paskali akanong'ona. "Ni mabawa yake hayo."

"Mkubwa," Mwalimu akasema, uso juu, akimfuata kwa masikio mpaka akapotea.

Kisha mvua ikaanza. Mimi ni mtu niliyetumia maisha ya kazi kuwakimbiza wageni wasikutane nayo, basi nikafungua mwavuli haraka nikamfunika. Mwalimu akainua mkono.

"Funga hilo, Salma. Linanizibia."

"Utalowa, Mwalimu."

"Funga."

Nikafunga. Akasimama katikati ya kijia, maji yakimtiririka usoni. Mvua ilikuwa inagonga majani mapana karibu yetu kwa sauti nzito, mbali kidogo ilikuwa inalia nyembamba, na juu kabisa ilikuwa kama watu wengi wanaonong'ona. Mwalimu akanyoosha kidole.

"Huu mti hapa ni mfupi, una majani makubwa. Ule nyuma yake ni mrefu sana, mvua inachelewa kushuka. Na pale kulia hakuna kitu, pana uwazi, maji yanaanguka moja kwa moja kwenye udongo. Paskali, ni kweli?"

Paskali akatazama mti mmoja mmoja, kisha ule uwazi. "Ni kweli, mama."

"Basi nauona," akasema Mwalimu. "Msiongee kidogo."

Idrisa akafunga mwavuli wake. Athumani akavua kofia. Tukasimama pale tukilowa wote watano, na hakuna aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.